Tonge Lililochovywa: Maisha ya Mwalimu Marcellin Lukambo, 1897–1958

Padri, wazee, ndugu wa Kasongo, nanyi mliotembea kwa miguu kutoka Lusangi na Wamaza tangu mliposikia amezidiwa, poleni sana. Wenye karatasi wafuate kwenye karatasi. Wasio nayo wasikilize, maana stensili ya shule ilichanika baada ya nakala arobaini. Ninayesoma ni Marie-Louise, mwalimu wa shule ya wasichana. Marehemu alikuwa mume wa shangazi yangu, nami nililelewa nyumbani kwake tangu nikiwa na miaka tisa. Jana mjane wake, shangazi Anastasie, alinikalisha akaniambia, "Andika yote. Ukificha kitu, mimi nitasimama pale kwa kaburi, nitakisema mwenyewe." Mnamjua. Basi nimeandika yote.

Marehemu Marcellin Lukambo alizaliwa karibu na Lusangi mwaka 1897, au hapo hapo. Baba yake, Kalonda, alikuwa mhunzi wa majembe. Mama yake, Amisa, alikulia katika nyumba ya Waislamu hapa mjini, na ndiyo sababu marehemu alisema Kibangubangu cha baba na Kiswahili cha mjini bila kuvichanganya, jambo ambalo wengi wetu hapa hatuwezi. Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa na mtu yeyote. Siku ya ubatizo, tarehe 15 Agosti 1911, padri alimfungua kinywa, akatazama meno, akaandika miaka kumi na minne. Marehemu alipenda kutuambia kwamba jino alilovunja kwa kutafuna mfupa wa mbuzi ndilo lililompa miaka miwili ya bure.

Alisoma kwenye shule ya misheni hapa Kasongo, kisha kuanzia 1919 hadi 1922 akasomea ukatekista. Alijua kusoma, kuandika, kupiga hesabu, na Kifaransa cha kusalimia Wazungu na kuwaaga. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Siku ya mtihani wake wa mwisho lilitokea jambo dogo, ambalo lazima nilieleze, kwa kuwa maisha yake yote yaliyofuata yalizunguka hapo.

Aliambiwa awafundishe watoto habari ya karamu ya mwisho, pale Bwana alipochovya kipande cha mkate akampa Yuda, yule mwanafunzi aliyemtoa kwa adui zake. Wale watoto hawakuwa wameona mkate hata siku moja. Marcellin akawaambia ni kama tonge la bugali lililochovywa kwenye mchuzi. Mtoto mmoja akainua mkono, akauliza, "Kumbe Bwana alimaliza kesi mbele ya kosa?"

Kwa wasio wa kwetu nieleze. Upande wa Lusangi, watu waliokosana wakishaamuliwa na wazee, huketishwa kwenye sahani moja. Aliyekosewa hufinyanga tonge, hulichovya kwenye mchuzi, na kumpa mwenzake kwa mkono wake. Mwenzake akilimeza, kesi imekufa. Hakuna ruhusa ya kuitaja tena, hata kwenye pombe, hata siku ya kuzikana. Na mtu mzima halishwi tonge na mtu mzima kwa sababu nyingine yoyote. Kwa hiyo yule mtoto, kuuliza kama kesi ilimalizwa kabla ya kosa, aliuliza swali la kweli la kwetu. Marcellin akamjibu, "Inaonekana hivyo." Padri mwenye mtihani akasimamisha somo palepale. Akasema kipande kile kilikuwa cha kumwonyesha msaliti na si kingine, kwamba shetani aliingia pamoja nacho, na kwamba Yuda alipotea moja kwa moja. Marcellin akaandika kwenye daftari: kipande kilikuwa cha kuonyesha. Kwa miaka ishirini na moja alifundisha hivyo hivyo, kwa mamia ya watu, na baadhi yenu mpo hapa.

Tarehe 3 Mei 1924 alifunga ndoa na Anastasie, katika kanisa la misheni. Anastasie alikuwa na kaka mmoja tu, François, ambaye ndiye baba yangu. Shemeji hawa wawili walipendana kupita kawaida. Marehemu alikuwa mpole, mwenye kupima maneno. Baba yangu alikuwa mcheshi na hakupima chochote. Siku ya harusi François alimwambia bwana harusi mbele ya watu wote, "Dada yangu anapiga kelele mingi, lakini anapika vizuri. Weye ziba masikio, fungua kinywa." Shangazi anasema huo ndio ushauri pekee wa kaka yake ambao mume wake aliufuata.

Mwaka 1926 walipelekwa Lusangi, kwenye teritware, ndiyo wilaya, ya Kabambare, kushika kanisa dogo la majani. Kengele yake ilikuwa jembe bovu la baba yake, lililotundikwa kwenye mti na kugongwa kwa chuma. Aligonga kwa saa ile ile kila siku hata wasiosali wakaanza kuamkia kwake. Aliwafundisha watu kusoma, aliwaandikia barua, alizika wafu padri asipofika. Watoto walizaliwa huko: Cécilia mwaka 1926, Raphaël mwaka 1929, Mathilde mwaka 1934. Mama yangu alipofariki, baba yangu akanileta nikae na shangazi, naye akajenga nyumba yake hatua ishirini kutoka kwao.

Sasa nafika mwaka 1943. Kuna wanaotazama chini, nawaona.

Vita vya Wazungu vilikuwa vinakula kila kitu. Kila mwanaume alipimiwa shamba la pamba, pale pale ambapo angelima mpunga wake, na asiyepanda alipigwa fimbo. Baba yangu akapata akili. Aliwafundisha watu kumwagia mbegu maji ya moto kabla ya kuzipanda. Mbegu ya namna hiyo unaifukia vizuri, mistari imenyooka, bwana pamba, mkaguzi wa serikali, anapita anasifu, halafu haioti. Vijiji vitatu vilipanda mbegu zilizokufa. Watu wakaenda kwenye muhogo wao wakicheka.

Kicheko kilidumu wiki tatu. Bwana pamba alichimbua mbegu, akazipasua kwa kisu, akaona. Serikali ikachukua wazee kumi na mmoja, ikawatia buloko, gerezani, pale Kabambare, mpaka lipatikane jina la aliyewafundisha watu. Wazee wale walilijua jina. Hawakulitoa. Siku ya nne mmoja wao, mzee Amuri, alifia ndani. Wakabaki kumi.

Jumatano, tarehe 24 Novemba 1943, Mwalimu Marcellin aliitwa Kabambare. Aliwaona wale wazee kumi kwenye jua, wamekaa chini, migongo imepasuka. Mkuu wa pale akamwambia, "Katekista anajua watu wote. Jumamosi nataka jina. Hakuna jina, fimbo inaendelea." Marehemu akaomba ushauri kwa padri mgeni aliyekuwa akipita, akaambiwa kwamba Mkristo hutii serikali. Akarudi kwa miguu. Baba yangu alikuwa amejificha nyumbani kwa Mwalimu, katika nyumba ya jiko, nyuma ya kinu.

Mniambie angefanya nini. Nimemchukia kwa kitu kile miaka mingi, na bado sijapata jibu. Akinyamaza, wazee wanakufa mmoja mmoja, nao ndio waliomzika baba yake. Akisema, anamtoa kaka wa mke wake, aliyelala chini ya paa lake. Kukimbia hakuwezekani, maana askari wangemchukua mke.

Ijumaa, tarehe 26, saa sita za mchana, shangazi aliwapakulia shemeji wote wawili bugali na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani moja, kama siku zote. Nilikuwepo, nimeshika maji ya kunawa. Marehemu hakugusa chakula. Baba yangu alimtazama, akafinyanga tonge, akalichovya kwenye sombe, akamnyoshea.

"Kamata, shemeji. Kula."

Marehemu akamtazama kama mtu asiyejua mkono ni kitu gani.

"Kula, nimesema. Na ile maneno iko ndani ya roho yako, uifanye mbio. Usikawie."

Akala. Akalimeza, nililiona likishuka kooni. Kisha akanawa, akasimama, akaenda kwa kapita, msimamizi wa serikali pale kijijini, akasema jina. Baba yangu hakukimbia. Alitoka nje akaketi juu ya kinu, akaanza kurekebisha mpini wa jembe la dada yake. Askari wawili walipofika na kamba, bado alikuwa anauchonga. Akaomba maji. Nikampelekea, akainama kunywa, akaniambia neno moja la kumpelekea Mwalimu. Neno hilo nitalisema mahali pake.

Wazee kumi walirudi kwao kwa miguu yao. François alihamishwa kwa nguvu, mbali, upande wa mto mkubwa, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Alifariki huko tarehe 9 Julai 1948. Barua ilitufikia mwaka uliofuata.

Shangazi Anastasie alikuwa amepoteza kaka kwa mdomo wa mume. Hakuondoka. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza sababu, kwa ukali. Akasema, "Niende wapi? Nyumba yangu ni hii." Aliendelea kupika, na mume wake akaendelea kula kidogo, na mimi nikaanza kula peke yangu, na sahani yangu mwenyewe. Watu walisema nimechukua tabia za Wazungu. Wala si Wazungu. Sikutaka mkono wangu uingie ulipoingia mkono wake. Wote nyumbani walikuwa wakimwita baba, mimi nilimwita Mwalimu.

Noeli ya mwaka ule marehemu alitembea mpaka Kasongo kuungama. Padri alimsikiliza, akamwambia, "Ulitii wakubwa, uliokoa watu kumi. Hiyo si dhambi. Nenda kwa amani." Marehemu alipiga magoti pale muda mrefu, akingoja, kisha akatoka. Hakuondolewa kitu, kwa sababu hakuna aliyeona kitu cha kuondoa. Alirudia kuungama kwa mapadri watatu, na wote wakampa jibu lile lile. Nadhani mtu aliyefungiwa nje ya nyumba bado ana mlango wa kugonga. Yeye waliendelea kumwambia kwamba nyumba haipo.

Tangu siku ile hakupokea tena komunyo. Aliandaa watoto wengine kwa komunyo ya kwanza, aliwapanga mstari, aliwafuta pua, aliwasukuma mbele, kisha yeye akarudi kusimama kwenye nguzo ya tatu, upande wa wanaume. Mwaka 1951 mkubwa mpya wa misheni alisema katekista asiyekula meza ya Bwana ni kikwazo kwa watu, akamtoa kazini. Marehemu akalitungua lile jembe la kengele, akalifunga kwenye mkeka, akahamia hapa Kasongo pamoja nasi, akawa mfyatua matofali. Ukuta huu mliouegemea ni kazi yake.

Mwaka 1953 alikuja Abbé Roger, padri wa damu yetu, kutoka seminari kubwa, na sanduku la vitabu vya Kilatini lililobebwa na watu wanne. Marehemu alimpa wiki moja apumzike. Wiki ya pili akaenda akiwa na udongo wa matofali mikononi, akauliza swali moja tu: "Abbé, wale wazee wa Kanisa wa zamani, wa kwanza kabisa, walisema nini juu ya lile tonge alilopewa Yuda?"

Toka hapo, kila Jumamosi baada ya kazi, Abbé Roger aliketi kwenye baraza yetu na kitabu magotini, anasoma Kilatini, anakigeuza Kiswahili. Mimi niliketi hatua tano kutoka kwao, nasahihisha madaftari. Nilisikia yote.

Kwanza alisoma kwamba huko Shamu kulikuwa na waliosema Bwana alikilowesha kipande kile makusudi, ili baraka itoke, Yuda asipate kitu kitakatifu. Marehemu akauliza, "Na kama iko mchuzi, si maji?" Abbé akacheka. Kisha akaona uso wake, akaacha kucheka.

Jumamosi nyingine akasoma maneno ya askofu mmoja wa Afrika, ile ya kaskazini. Huyo alisema kwamba Yuda alikuwa amekwisha kula mwili wa Bwana pamoja na wenzake, chakula kile kile, meza ile ile. Kipande kilichochovywa kilikuja baadaye, nacho kilikuwa cha kumwonyesha. Tena akasema kitu chema huwa kibaya kikipokewa vibaya. Marehemu hakuja barazani wiki mbili. Alifyatua matofali mpaka giza.

Akasoma tena juu ya mhubiri mmoja wa Antiokia, msemaji hodari, aliyesema Bwana alijaribu kila njia kumrudisha yule mtu: alimwosha miguu, alimlisha kwa mkono wake, alimpa nafasi hadi dakika ya mwisho. Hili lilimpendeza marehemu kwa muda. Kisha akasema, "Basi aliitwa, akasimama, akatoka. Hata mimi nilisimama, nikatoka."

Asani, fundi wa nguo, jirani yetu Mwislamu, alikuwa akishona kwenye baraza ya pili, na kila Jumamosi alisikia nusu ya maneno. Siku hiyo alisimamisha cherehani akasema, "Mutu mumoja alimuuza mwenzake, na nyie mungali munabishana miaka elfu mbili? Kwetu kadhi angemaliza kabla ya adhuhuri." Hata marehemu alicheka. Asani, asante kwa kicheko kile, na kwa sanda uliyoishona jana bila kuombwa.

Halafu Abbé akapata maneno ya mwalimu mmoja wa Misri, wa zamani kuliko wale wote. Mwalimu huyo alidhani labda Yuda alijiua haraka ili amtangulie Bwana kuzimu, ampokee kule akiwa roho tupu, bila mwili, amwombe huruma. Abbé akaongeza upesi kwamba ni mawazo ya mtu mmoja, kwamba Kanisa halifundishi hivyo, na kwamba kukata tamaa ni dhambi kubwa. Marehemu hakuyasikia hayo ya mwisho. Alikuwa analia, nasi hatukuwahi kumwona akilia.

"Yuda alikuwa na mahali pa kwenda kuuliza," akasema. "Mimi, François ametangulia. Nitamuuliza nani ile tonge ilikuwa ya nini?"

Swali lake lilikuwa hilo tu, ndugu zangu. Vitabu vyote vya Abbé vilikuwa njia ya kulizunguka. Kama tonge la shemeji yake lilikuwa la kumaliza, basi yeye ni mtu aliyesamehewa kabla ya kosa, na anaweza kurudi mezani. Kama lilikuwa la kuonyesha, kama alivyofundisha mwenyewe miaka ishirini na moja, basi alimeza hukumu yake na hakuna mkono wa kuitoa. Mila yetu haikumsaidia, kwa maana kwetu tonge hutolewa baada ya kesi, halitolewi kabla. Aliyelitoa alikuwa amekufa mbali. Na mimi hatua tano pale, na kalamu nyekundu mkononi, nilikuwa na jibu.

Abbé Roger, hili la mwisho sikulaumu, lakini nalisema. Siku moja ulisoma, kama jambo la ajabu tu, kwamba mzee mmoja wa Asia, aliyeishi karibu sana na nyakati za mitume, alisimulia kuwa Yuda alivimba mwili hata akashindwa kupita mahali ambapo gari hupita. Ulifunga kitabu, mkanywa chai. Mwezi Juni 1957 tumbo la marehemu likaanza kuvimba.

Alitibiwa hospitali ya hapa. Daktari alitoa maji mara tatu, akasema ni ini. Marehemu akashukuru kwa adabu, na alipofika nyumbani akaniambia, "Ini ni jina tu." Hakulala tena chali. Mlango wa chumba chake ni mwembamba, tukaanza kumpitisha ubavu, na kila mara akifika kwenye kizingiti aliniangalia. Nilijua anachofikiri. Niliweza kukiondoa kwa neno moja, na sikukiondoa.

Mnaniuliza kwa nini. Nilipokuwa na miaka tisa nilinyamaza kwa chuki, nikajiambia ateseke kidogo, nitamwambia Pasaka. Pasaka ikapita. Barua ya kifo ilipokuja nikasema sasa hastahili. Nilipofika miaka ishirini chuki ilikuwa imepungua, lakini ningemwambiaje? Ningeanza wapi, kwamba nilikuwa nalo wakati anatolewa kazini, kwamba nilikuwa nalo kila Jumamosi? Kila mwaka nilioongeza ulifanya neno lenyewe kuwa gumu zaidi kutoka. Nilijifungia ndani pamoja naye, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Jana, Alhamisi, tarehe 13 Februari 1958, saa sita za mchana, alikuwa na siku mbili bila kula. Shangazi alipika bugali na sombe. Nilibeba sahani moja. Nikaketi kwenye mkeka wake, nikafinyanga tonge, nikalichovya, nikalileta mdomoni kwake.

Akafumbua macho. "Hii ya nini?"

"Ya kula, baba."

Sikuwahi kumwita hivyo. Alikula. Alitafuna muda mrefu, akameza. Ndipo nikamwambia neno ambalo François alinipa kwenye maji ya kunywa, jinsi alivyolisema: "Mwambie Mwalimu, wale wazee hata mimi niliwasikia. Nilitaka nijipeleke, miguu ilikataa. Yeye amekuwa miguu yangu. Ile tonge ni ya kumaliza."

 Mainzi yalikaa kwenye sahani, sikuyafukuza.

"Miaka kumi na nne," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na ulikuwa pale, Abbé akisoma."

"Nilikuwa pale."

Akafumba macho. Nilidhani nimemuua. Nilimsikia akivuta pumzi, akiitoa, kama mtu anayepanda mlima wa Wamaza na mzigo. Kisha mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukatafuta sahani, ukaipata. Vidole vilikuwa vimevimba, tonge lilimvunjika mara mbili. La tatu likashika. Akalichovya kwenye sombe, akaninyoshea.

"Kula, mama."

 Nikala.

Saa tisa Abbé Roger alifika na mafuta matakatifu, akamwuliza kama atapokea komunyo, kama alivyomwuliza kila mwezi kwa miaka mitano. Marehemu akafungua kinywa. Shangazi Anastasie alikuwa amesimama mlangoni, na alipoona hivyo akaketi chini pale pale kwenye kizingiti, akafunika uso kwa kitenge. Saa kumi na moja jioni Mwalimu Marcellin akafariki, mkono wake mmoja ndani ya mkono wa mke wake.

Ameacha mjane, Anastasie, aliyeishi naye miaka thelathini na mitatu. Ameacha watoto Cécilia, Raphaël na Mathilde, wajukuu saba, na wa nane yuko njiani. Ameacha wanafunzi ambao hawahesabiki. Ameacha wawili waliobaki hai kati ya wale wazee kumi, ambao wamebebwa kwenye machela toka Lusangi tangu habari ya ugonjwa ilipowafikia, ili wawe hapa, na wameketi pale kivulini. Na ameniacha mimi. Shangazi ndiye aliyeniambia niandike jina langu kwenye mstari wa watoto, nami nimeliandika la mwisho.

Tonge alilonipa sikumwuliza ni la nini. Labda lilikuwa la kumaliza, labda alitaka niuone mkono wangu mwenyewe. Sasa ni mimi niliyelimeza, na aliyelitoa yumo ndani ya sanduku hili. Wale wazee wa Shamu, wa Misri na wa Antiokia walisema walivyosema, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo kwenye sahani. Mimi nilikuwepo kwenye sahani zote mbili. Nimekata shauri kuamini kwamba mtu anayekufa, vidole vimevimba, hafinyangi tonge mara tatu kwa ajili ya kumwaibisha mtu.

Mila yetu inakataza kesi iliyolishwa kutajwa tena, hata siku ya kuzikana. Nimeivunja leo, mbele yenu nyote, ili mjue kwamba ilikwisha tangu Novemba 1943 na ni mimi niliyeizuia. Baada ya leo isitajwe na mtu, wala ya François, wala yake, wala yangu. Tukimaliza hapa, shangazi amepika. Tutaenda nyumbani, tutanawa, na mimi nitakula sahani moja nanyi.

Baba Marcellin, umekula. Lala sasa, upumzike.